Abiria wa Hatua ya Pili

Alhamisi saa nne asubuhi, kwenye kibanda cha fundi Chenge pale Mkuyuni, Masalu Shimba alishika fremu ya baiskeli yake huku fundi akikata vishikio vya keria kwa msumeno wa chuma. Keria yenyewe ilikuwa imeshafunguliwa na kulazwa chini, imepinda upande wa kushoto kwa sababu ya miaka ya matenga ya samaki. Chenge alishauri vishikio viachwe, havina uzito wa kumchelewesha mtu, na Jumatatu samaki watakuwa bado wanahitaji kubebwa. Masalu akasema vikatwe. Alitaka nyuma ya kiti pasiwe na kitu, hata alama. Chenge alikata, akapaka rangi nyeusi pale penye kidonda cha chuma, akamwambia asiiguse mpaka ikauke.

Ilikuwa baiskeli nyembamba ya mbio iliyokuja kwenye kontena la mitumba, na Masalu alikuwa ameigeuza punda. Kila alfajiri alichukua sato na sangara mwaloni Igogo, akawafikisha kwa akina mama wa Mkuyuni kabla barafu haijawa maji. Akina mama walimpenda kwa sababu hakuwahi kuchelewa. Hawakujua kwamba alikuwa akijipima kwa saa ya mkononi, na kwamba hesabu aliyokuwa akiipiga haikuwa ya samaki.

Miaka mitatu kabla ya hapo aliishi Mwibanzo, kijiji kilicho kando ya lami kati ya Sengerema na Geita, na alikuwa na mke, Kija. Uchungu wa Kija ulianza asubuhi ya Jumamosi moja, mwezi wa sita. Mganga wa zahanati alimpima, akasema mtoto amelala vibaya, akapiga simu Kituo cha Afya Nyalubele, kilomita kumi na tisa mbele, kuomba gari la wagonjwa. Akajibiwa kwamba gari ni zima na lina mafuta, ila liko kwenye msafara. Basi Masalu akampandisha Kija kwenye keria, akamfunga kiunoni mwake kwa kitenge ili akizimia asidondoke, akaanza kukanyaga. Anayembeba mgonjwa namna hiyo hageuki nyuma, maana akigeuka baiskeli inayumba. Hali ya mgonjwa anaijua kwa uzito. Kwenye kilomita ya kumi na moja, juu ya kalavati, uzito wa Kija ulibadilika. Masalu aliendelea kukanyaga kilomita moja nzima kabla hajakubali, kisha akageuza.

Tangu siku hiyo aliamini kwamba miguu yake ndiyo iliyomuua mkewe. Hakumwambia mtu. Alihamia Mwanza, akapanga chumba Igogo, akaanza kufanya mazoezi. Kilomita zile kumi na tisa angeweza sasa kuzimaliza kwa nusu saa na ushei, na kila alipozimaliza alijisikia vibaya zaidi, maana ilionyesha kwamba jambo lile lilikuwa linawezekana.

Siku ile ya Kija alikuwa amesimamishwa njiani mara moja tu. Polisi wa pikipiki alimpigia filimbi ashuke mtaroni kupisha mashindano ya baiskeli ya kuzunguka ghuba, yale ya siku tatu yanayofanyika kila mwaka. Alikaa mtaroni robo saa, ameshika usukani kwa mikono miwili na kuinamisha kichwa, Kija mgongoni. Aliona matairi tu, mengi, yakipita. Hakuwalaumu waendeshaji. Alichokumbuka ni kwamba walipita na hawakuwa wamebeba kitu.

Sasa alikuwa mmoja wao, na namba yake ilikuwa arobaini na saba. Kumi wa kwanza wangeingia timu ya taifa. Masalu hakuwa na tamaa kubwa ya timu; alitaka kuona jina lake limeandikwa mahali kwamba huyu ana mwendo, ili ajue kwa hakika ni kosa la kiasi gani alilofanya. Ni sababu ya ajabu ya kuingia kwenye mashindano, lakini zipo za ajabu zaidi.

Hatua ya kwanza ilikuwa Mwanza hadi Magu na kurudi. Masalu alikuwa wa tisa. Vijana wa Arusha, wenye baiskeli ambazo zikikanyagwa hazitoi hata mlio, walimuuliza anafanyia mazoezi wapi, akasema kwenye samaki. Wakacheka, naye akacheka. Alifurahi kweli, furaha ya kumfanya mtu asimalize wali wake.

Hatua ya pili iliondoka Jumamosi saa mbili kamili kuelekea Geita. Mpaka Kigongo kundi lilikwenda pamoja. Mwaka ule wa Kija washiriki walikuwa wamevuka kwa kivuko, wakisubiri zamu yao pamoja na ng'ombe. Safari hii walipita darajani, upepo wa ziwa ukiwasukuma ubavuni. Busisi ilipita, Sengerema ikapita. Masalu alikuwa katika kumi wa mbele na pumzi yake ilikuwa nzuri. Mwibanzo alipita bila kugeuza kichwa. Mama mmoja pale alimtambua, akamwita kwa jina la baba yake.

Kwenye kalavati Kija alikuwa amekaa, amevaa kitenge kilekile, miguu ameinyoosha kama mtu aliyechoka kusubiri usafiri. Masalu alipunguza mwendo. Kija alinyanyuka kwa shida, akashika mgongo wa Masalu, akapanda kiubavu kama wanawake wa kule wanavyopanda, akakaa pale ambapo keria ilikuwa. Rangi ya fundi Chenge ilikuwa imekauka vizuri. Kundi liliwapita pande zote mbili, na mmoja wa wale vijana wa Arusha akamwambia Masalu, bila ubaya, kwamba amebeba.

Kija alijifunga mwenyewe kwa ncha ya kitenge. Alisema uchungu haujakatika tangu siku ile, ila leo umezidi. Masalu akamwambia ashike vizuri.

Alikuwa mzito kuliko zamani. Mimba haikuwa imesimama. Ilikuwa imeendelea kukua miaka yote mitatu, na tumbo lilimsukuma Masalu kwa mbele mpaka kidevu kikakaribia usukani. Mtoto alikuwa na nguvu. Mara mbili alimpiga baba yake teke mgongoni, teke la mtoto anayejua kutembea. Wanawake waliokuwa wakianika mihogo kando ya lami walimpa Kija pole ya safari, naye akaitikia. Namba kumi na mbili akampita Masalu, kisha ishirini na nane, kisha wazee wawili wa klabu ya Shinyanga waliokuwa wakiongea habari za mvua.

Kamisaa wa mashindano, Mwalimu Ishengoma, mstaafu kutoka Bukoba, alikuja amekaa nyuma ya pikipiki, daftari lake limefungwa kwenye nailoni. Alimwamuru dereva aende sambamba na baiskeli. Kija alimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, binti, pole. Kisha akamweleza Masalu kwamba kanuni ya kumi na moja inakataza mshiriki kubeba abiria, na adhabu yake ni dakika tano. Alimuuliza Kija majina yake matatu, akayaandika, akauliza kama ni ndugu wa mshiriki. Masalu akasema ni mkewe. Ishengoma akasahihisha, akaandika mke, marehemu, kwa sababu alikuwa mtu wa kuandika mambo kamili. Aliwatakia safari njema, akasonga mbele kwenda kuangalia wanaoongoza.

Baada ya hapo Masalu alikuwa wa mwisho. Nyuma ya wa mwisho linakuja gari la wagonjwa, na lilikuja, jeupe, limeoshwa, taa zinawaka bila kelele. Mlangoni liliandikwa kwa rangi ya bluu: Kituo cha Afya Nyalubele.

Masalu alisoma maandishi yale, akapiga hesabu. Zilibaki kilomita saba kufika Nyalubele. Kwa mwendo aliokuwa nao ingekuwa dakika arobaini na tano, na Kija alikuwa ameanza kumuuma begani kwa uchungu. Gari lingetumia dakika nane, na lingekuwa linarudi nyumbani kwake. Akasimama. Gari nalo likasimama, kama lilivyoagizwa.

Dereva aliitwa Deodatus, na nesi aliyekaa nyuma aliitwa Prudencia. Wote wawili walishuka. Prudencia alimpima Kija kwa utepe palepale barabarani, akaandika kwenye kadi wiki mia moja tisini na sita, akasema mtoto bado amelala vibaya. Kisha akamwangalia Deodatus. Masalu akaomba wamchukue.

"Kaka, gari hili ni la washiriki," Deodatus akasema. "Ukianguka wewe nakubeba sasa hivi. Huyu hana namba."

Alisema kwa upole, na alikuwa anasema kweli. Alikuwa na karatasi yenye majina sitini na mbili, na Kija hakuwemo.

Hapo Masalu alifanya jambo aliloliona kuwa la akili kuliko yote aliyowahi kufanya. Alifungua pini nne mgongoni mwake, akaivua namba, akaibandika kwenye kitenge cha Kija, mbele, juu ya tumbo, mahali palipokuwa na nafasi. Deodatus alisoma arobaini na saba, akaangalia karatasi, akakuta arobaini na saba ipo. Akafungua milango ya nyuma. Walimpandisha Kija kwa adabu, wakamlaza juu ya godoro lililokuwa bado na nailoni ya dukani. Masalu alitaka kupanda naye, ila sasa yeye ndiye asiyekuwa na namba. Akasema hapana neno, atawakuta Nyalubele.

Gari liliondoka. Masalu alibaki barabarani, nyuma yake hakuna kitu, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu hakuwa na haraka. Alikanyaga taratibu. Alifikiria kwamba wodi ya Nyalubele ina madirisha yanayotazama barabara, na kwamba huenda akamkuta ameshajifungua. Alifikiria hata jina.

Getini Nyalubele hapakuwa na gari. Mlinzi, mzee wa makamo mwenye redio mfukoni, alisema gari limepita kama dakika ishirini zilizopita. Lilipunguza mwendo kwenye tuta la getini, kila gari hupunguza hapo, kisha likaendelea. Aliyekuwa nyuma alipunga mkono dirishani; mlinzi alidhani ni mshiriki anasalimia, naye akapunga. Masalu akauliza kwa nini halikuingia.

"Lina ruhusa ya mashindano mpaka kesho jioni," mlinzi akasema. "Likiingia hapa litakuwa limekatisha ruhusa."

Masalu akarudi barabarani. Akakanyaga. Zilikuwa kilomita zaidi ya thelathini mpaka Geita, jua la saa saba, vilima, na alizimaliza kwa mwendo ambao hakuna mshiriki yeyote aliyeufikia siku ile. Kwa kuwa hakuwa na namba, haukupimwa. Aliwapita wazee wa Shinyanga, waliokuwa wameshajitoa, wamekaa chini ya mti wanakula miwa. Hakuliona gari mpaka anaingia uwanjani.

Lilikuwa limeegeshwa nyuma ya jukwaa, kivulini. Prudencia alikuwa amekaa kwenye ngazi ya nyuma na macho yake yalikuwa mekundu. Alimwamkia Masalu, ingawa walikuwa rika moja, akamweleza yote kwa mpangilio. Kabla ya Nyalubele alimwambia Deodatus akate kona. Deodatus alimpigia simu kamisaa kuomba ruhusa. Kamisaa alimjibu kwamba mashindano hayawezi kuendelea hata dakika moja bila gari la wagonjwa, hiyo ni kanuni ya kwanza kabisa. Gari likitoka, washiriki wote lazima wasimamishwe barabarani mpaka lirudi, na mgeni rasmi alikuwa ameshakaa. Aliuliza kama mshiriki namba arobaini na saba anaweza kuvumilia mpaka Geita. Deodatus alimuuliza Kija. Kija akasema atajaribu.

Kwenye gari kulikuwa na bandeji, maji ya glukosi, dawa ya kupuliza misuli na machela mbili. Prudencia alitumia vyote isipokuwa dawa ya misuli. Kija alifariki tena saa saba na dakika kumi, katikati ya vilima, gari likiwa nyuma ya mwendeshaji namba thelathini na tatu, ambaye alikuwa amepata pancha na alikuwa hataki kukata tamaa.

"Nilimshika mkono," Prudencia akasema. "Mtoto alipiga teke mpaka mwisho."

Masalu akamshukuru, kwa sababu alistahili.

Uwanjani spika zilikuwa zikiita majina. Masalu alisimama nyuma ya umati. Wa kwanza alikuwa kijana wa Arusha, wa pili wa Arusha, wa tatu wa Shinyanga. Mgeni rasmi aliwapongeza, akazungumzia michezo na afya. Kisha akasema kwamba kabla ya kuagana angependa kutambua watu ambao mara nyingi husahaulika. Akawaita jukwaani dereva na nesi wa gari la wagonjwa, akawapa cheti chenye fremu. Alisema huu ni mwaka wa nne gari hilihili linahudumia mashindano haya, na kwa mwaka wa nne mfululizo hakuna kifo kilichoripotiwa. Watu wakapiga makofi. Deodatus alishika cheti kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenzake, akatazama chini. Prudencia alilia waziwazi, na mpiga picha akampiga picha.

Masalu alihesabu miaka ile kwa vidole, akiwa amesimama pale. Mwaka huu wa nne, mwaka jana wa tatu, mwaka juzi wa pili. Mwaka wa kwanza alikuwa mtaroni, ameinama. Alijikuta anapiga makofi pamoja na wengine, kwa sababu mikono ilikuwa imeshakaribiana, akaiacha iendelee.

Alirudi kwenye gari. Kija alikuwa ameamka na kukaa kwenye ukingo wa godoro, anajifunga kitenge upya. Kufa hakukuwa kumembadilisha zaidi ya mara ya kwanza. Ila tumbo lilikuwa limetulia, na mikono yake haikulishika tena.

"Tumefika?" akauliza.

"Tumepita," Masalu akasema.

Mwalimu Ishengoma alikuja na daftari lake. Alivua kofia, akatoa pole, akasema kwamba kama mtu na kama mzazi limemuuma. Alikuwa anasema kweli naye. Siku ile watu wote walikuwa wanasema kweli. Akaeleza kwamba mshiriki namba arobaini na saba ameandikwa hakumaliza kwa sababu za kiafya, na kwamba kwa kuwa kifo chenyewe kilitokea miaka mitatu iliyopita, hakiwezi kuripotiwa kwenye hatua ya leo. Aliomba sahihi ya Masalu. Kisha akaomba namba, maana namba hurudishwa, zinatumika tena mwakani. Masalu alizifungua pini moja moja ili asitoboe kitenge. Ishengoma akamshukuru, akaenda.

Deodatus alimsaidia kumpandisha Kija kwenye baiskeli. Alifunga kitenge mwenyewe, kiuno kwa kiuno, fundo la ubavuni, lile ambalo halifunguki kwenye makorongo. Ilionekana naye amewahi kubeba. Alipomaliza alipitisha kiganja juu ya fundo kuhakikisha, akarudi kwenye gari lake.

Masalu alikaa bila kukanyaga. Alisubiri teke mgongoni, akijua halipo.

"Nililiona lile gari siku ile," Kija akasema nyuma yake. "Walipopita wote, likapita na lenyewe. Polepole. Niliyasoma na maandishi."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umebeba." Akajiweka sawa. "Jana ulikuwa wa ngapi?"

"Wa tisa."

"Basi haikuwa miguu."

Masalu alikuwa amesubiri kuambiwa neno hilo miaka mitatu, na hakuna mwingine aliyekuwa na haki ya kumwambia. Alilisikia likiingia, likakaa, na halikumsaidia kitu. Aligundua kwamba angependa sana ingekuwa miguu. Miguu mtu anaamka alfajiri anaifanyia mazoezi. Alilia, kichwa mbele, bila kugeuka, kwa kuwa akigeuka baiskeli ingeyumba.

Nyuma yao Deodatus alipiga honi kidogo, kwa heshima. Alitakiwa kuliosha gari kabla giza halijaingia, hatua ya tatu ingeondoka saa moja asubuhi, na alihitaji nafasi ya kugeuzia. Masalu akasogeza baiskeli pembeni.